Ziara ya Siku Moja: Kuona Machache, Kujifunza Mengi

Katika shule zetu za msingi hakuna tangazo linalopokewa kwa furaha kubwa kuliko tangazo la ziara. Kwa shule za Dar es Salaam na mikoa ya jirani, mji unaotajwa kwanza ni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sababu zake zinaeleweka. Ni mji wa bandari wenye nyumba za mawe zilizosongamana, vichochoro visivyopitisha gari, milango ya nakshi, majahazi ufukweni, na soko lenye harufu ya viungo na samaki. Tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tena, kwa boti ya mwendo kasi safari kutoka Dar es Salaam huchukua saa mbili hivi, kwa hiyo shule yaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Makala haya hayakuandikwa ili kuzipinga ziara hizo. Nayaandika kwa ajili yako, mwanachuo unayejiandaa kuingia darasani, kwa sababu baada ya miaka michache wewe ndiwe utakayekabidhiwa watoto arobaini na tano na kuambiwa uwapeleke Zanzibar. Maoni yangu ni kwamba siku hiyo, kama ipangwavyo aghalabu, ni siku ya kutazama tu. Kujifunza humo ni kwa bahati. Na maoni yangu ya pili ni kwamba mwalimu anaweza kuibadili bila kuongeza hata shilingi moja.

Mbio za macho

Tuanze na hesabu. Ratiba ya kawaida huwa na mahali tisa: Bustani ya Forodhani, Ngome Kongwe, Beit el Ajaib, Makumbusho ya Kasri, zahanati ya zamani iliyojengwa kwa fedha za Tharia Topan, nyumba aliyokaa Livingstone, Soko la Darajani, Mkunazini, na Makumbusho ya Amani. Tuseme watoto wana saa sita mjini, yaani dakika 360. Toa dakika 60 za chakula na sala. Toa dakika 90 za kutembea, kusubiriana, kwenda msalani na kuhesabiana. Zinabaki dakika 210. Ukizigawa kwa tisa, kila mahali panapata dakika 23. Kama kila mtoto kati ya arobaini na tano angetaka kuuliza swali lake na kujibiwa, angekuwa na nusu dakika.

Kwa hiyo haulizi. Mtembeza wageni husema kwa sauti, walio mbele husikia, walio nyuma hutazama paka. Mwalimu, badala ya kufundisha, huhesabu vichwa. Nimekagua mazoezi ya kufundisha katika shule nyingi, na nimesoma insha nyingi zenye kichwa cha habari "Safari Yetu ya Zanzibar". Nyingi zinafanana kama sare za shule: tuliamka mapema, tulipanda boti, wengine walitapika, tuliona majumba makubwa, tulikula, tulirudi salama. Ukilifuta neno Zanzibar na kuandika mji mwingine wowote, insha haitaharibika. Hicho ndicho kipimo changu cha ziara iliyopotea.

Mtaka yote hukosa yote. Napendekeza kwamba ziara ya siku moja iwe na mahali patatu tu, na kila mahali pawe na swali moja kubwa ambalo mtoto hawezi kulijibu bila kutumia macho yake, mikono yake au ulimi wake mwenyewe. Nitatoa mfano wa maswali matatu.

Swali la kwanza: kwa nini panaitwa hivi?

Kutoka ufukweni hadi sokoni, majina ya Mji Mkongwe ni kitabu kilicho wazi, nacho hakilipiwi kiingilio. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Forodhani ndipo bidhaa zilipopita. Mbele kidogo, kandokando ya bahari, ni Mizingani, na mtoto yeyote anayejua Kiswahili atalichambua jina hilo mwenyewe: mizinga ilikuwapo, ikiielekea bahari. Mkunazini ni mahali pa mkunazi. Mnazi Mmoja hapahitaji mfasiri.

Kisha wafikishe Darajani na uwaulize: liko wapi daraja? Watatafuta, wala hawataliona. Hapo ndipo somo linapoanza. Wape ruhusa, kwa makundi na kwa adabu, wamwamkie mzee mmoja muuza viungo au muuza kofia na kumwuliza. Watarudi na habari kwamba zamani palikuwa na hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, ulioutenga mji wa mawe na mitaa ya upande wa pili, na kwamba daraja lilivuka hapo. Hori hilo lilifukiwa, na katika karne ya 20 likawa nchi kavu. Daraja limekwenda, jina limebaki. Na mitaa ya upande wa pili bado inaitwa Ng'ambo, ingawa siku hizi mtu huvuka barabara tu.

Katika nusu saa mtoto amejifunza kiambishi -ni cha mahali, amejifunza historia ya mji, na amejifunza kumhoji mtu mzima kwa heshima. Hakuna ubao uwezao kufanya mambo hayo matatu kwa pamoja. Mwalimu wa Kiswahili atakumbuka pia kwamba lahaja ya mji huu, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kuisimamia kazi hiyo. Mtoto wa Morogoro au wa Lindi anayeandika insha yake anatumia lugha yenye mzizi katika vichochoro hivyo. Yafaa aambiwe akiwa amesimama humo.

Swali la pili: kwa nini vyumba ni vyembamba?

Mtembeza wageni huwaonyesha watoto milango, nayo kweli ni ya kupendeza. Mimi ningewaambia wainue macho watazame dari. Katika nyumba nyingi za zamani dari hushikwa na miti iliyopangwa sambamba. Hizo ni boriti, miti ya mikandaa iliyokatwa katika mikoko ya mwambao, na hasa katika delta ya Rufiji. Mti wa mkandaa hauliwi upesi na mchwa, lakini haurefuki sana kabla ya kupinda au kupungua unene. Basi fundi alipima chumba kwa mti. Chumba chaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake mara nyingi haupiti sana meta tatu.

Usiwaambie watoto jibu hilo. Wape kila kundi kamba yenye fundo kila baada ya nusu meta. Omba kwa mwenye duka au mwenye nyumba, siku kadhaa kabla, ruhusa ya watoto wanane kuingia na kupima urefu na upana wa chumba kimoja. Kila kundi lipime chumba tofauti, liandike, kisha yote yalinganishwe. Watagundua wenyewe kwamba urefu wa vyumba unatofautiana sana ilhali upana unakaribiana. Hapo watauliza kwa nini, na swali lililoulizwa na mtoto mwenyewe halisahauliki.

Uzi huo mmoja, ukiuvuta, unaleta mambo mengi. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India yalikuja kwa upepo wa kaskazi, unaovuma kati ya Desemba na Machi, yakarudi kwa kusi. Miongoni mwa shehena yaliyoondoka nayo zilikuwamo boriti, kwa kuwa huko Ghuba miti ya kujengea ilikuwa adimu. Kwa hiyo mtu wa Rufiji aliyekata mkandaa alikuwa akiamua, bila ya kujua, upana wa chumba cha mtu asiyemfahamu ng'ambo ya bahari. Hiyo ni jiografia ya pepo, ni biashara, ni sayansi ya miti, na ni hesabu ya wastani itakayokokotolewa darasani wiki inayofuata.

Baada ya hapo, watoto wakisimama nje ya Beit el Ajaib, wataliangalia kwa macho mengine. Jumba hilo lilijengwa na Sultan Barghash bin Said mwaka 1883, nalo lina nguzo za chuma zinazozunguka roshani zake. Wataona mara moja kwamba mwenye jumba alitaka kuwashinda wenye nyumba za kawaida. Waambie pia kwamba sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki. Nyumba za mawe na chokaa hudai matunzo ya kila mwaka: maji ya mvua yakipenya darini, boriti huoza na chokaa hulegea. Mtoto aliyeipima boriti kwa mkono wake ataelewa maana ya neno urithi kuliko yule aliyelinakili ubaoni.

Swali la tatu: aliyeuzwa hapa alipoteza nini?

Mahali pa tatu ni Mkunazini, na hapa nakuomba mwanachuo usome polepole, maana hapa mwalimu anaweza kujenga au kubomoa.

Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 baina ya Sultan Barghash na Uingereza. Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa, ambalo ujenzi wake ulisimamiwa na Askofu Edward Steere. Tangu mwaka 1998 ipo pia sanamu ya watu waliofungwa mnyororo ndani ya shimo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Watoto wakifika kwenye shimo hilo hunyamaza wenyewe. Usiwakatishe.

Mwalimu ana kazi tatu hapo. Ya kwanza ni kutenganisha lililothibitishwa na linalosimuliwa. Wageni huonyeshwa vyumba vya chini vyenye giza na kuambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaolipinga hilo. Wao husema kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na kwamba vyumba vile ni sehemu ya jengo hilo. Mwalimu asiogope kuwaambia watoto wa darasa la sita kwamba watu wazima wanabishana. Lakini aseme wazi vilevile kwamba kukitilia shaka chumba si kuutilia shaka utumwa. Soko lilikuwapo, na watu waliuzwa.

Kazi ya pili ni kusahihisha tarehe. Watoto wengi huondoka wakiamini kwamba utumwa ulikwisha mwaka 1873. Kilichokwisha mwaka huo ni soko la wazi na ruhusa ya kusafirisha watumwa kwa bahari. Mashambani, kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba, watumwa waliendelea kufanya kazi, na hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 tu. Miaka ishirini na minne ni umri wa mtu mzima. Mtoto aliyezaliwa utumwani siku soko lilipofungwa aliweza kukua na kupata watoto wake kabla sheria haijamtambua kuwa mtu huru.

Kazi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Katika darasa moja la leo hukaa mtoto ambaye wazee wake walitoka Oman, wa pili wazee wake walitoka Gujarat, wa tatu ni Mnyamwezi, wa nne jamaa zake wametoka kandokando ya Ziwa Nyasa. Mwalimu akisimulia ovyo, mmoja atarudi kwenye boti akiwa ameinamisha kichwa na mwingine akimtazama kwa jicho la lawama. Mbegu hiyo ikipandwa na mwalimu, nani ataing'oa? Na ukweli wenyewe haumwachii mtu mmoja mzigo wote. Katika biashara ile walikuwamo wenye misafara wa Kiarabu na wa Kiswahili. Walikuwamo watawala wa bara waliouza mateka wao. Walikuwamo matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha za misafara. Walikuwamo wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Na walikuwamo wanunuzi wa pembe na karafuu wa Ulaya na Marekani walionufaika na mfumo huo. Asitajwe mmoja, wala asifichwe yeyote.

Ndiyo sababu swali langu la Mkunazini halimhusu muuzaji. Naliuliza hivi: mtu aliyeuzwa hapa alipoteza nini? Waketi chini, wafikiri, waandike peke yao. Wataandika: mama yake. Wataandika: kwao. Wengine, wakipewa nafasi, wataandika jina lake, lugha yake, kaburi la babu yake. Swali hilo halina kabila wala dini, na mtoto yeyote mwenye mama anaweza kulijibu. Akilijibu kwa moyo, hatakuwa na haja ya kutafuta wa kumlaumu kwenye benchi la nyuma.

Wanaopinga

Walimu wenzangu wengi hawakubaliani nami, nao wana hoja. Hoja yao yenye nguvu ni hii: watoto wengi hawatafika tena Zanzibar maishani mwao, basi kwa nini tuwanyime kuyaona yote kwa mara moja? Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa inatoka katika huruma. Lakini jibu langu ni kwamba, kwa kuwa hatarudi tena, ni lazima aondoke na kitu. Mahali tisa kwa dakika 23 humwachia ukungu. Mahali patatu kwa saa nzima na zaidi humwachia jambo atakalowasimulia wanawe.

Wengine husema mtembeza wageni anajua zaidi kuliko mwalimu, basi aachiwe kazi yake. Kweli aghalabu anajua zaidi. Lakini anawajua watalii. Watoto wako hawajui. Mwandikie mapema maswali yako matatu, umwombe awe mjibu maswali badala ya mhutubu. Wengi hufurahi kuombwa hivyo.

Wanaobaki

Lipo jambo moja ambalo halitajwi katika taarifa za ziara: watoto wasiokwenda. Ziara hulipiwa kwa michango, na si kila mzazi anao uwezo. Katika darasa la watoto themanini, huenda wakasafiri arobaini na tano. Siku ya safari waliobaki hupewa ufagio na jembe, na kesho yake husikiliza wenzao wakicheka habari za boti. Elimu iliyo haki haiwezi kukubali hilo kimyakimya. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, aliikosoa shule inayowatenga wachache na jamii yao; ziara mbaya yaweza kufanya hivyo ndani ya darasa moja.

Dawa yake ni rahisi. Kila anayesafiri awe na wenziwe waliobaki, mmoja au wawili, ambao ndio watakaotunga swali analokwenda nalo. Aliyebaki anauliza, aliyesafiri anatafuta. Kesho yake aliyesafiri anasimama kumjibu mwenzake mbele ya darasa, na aliyebaki ndiye anayesema kama ameridhika na jibu au la. Hapo safari inakuwa ya watoto themanini, na mwenye daftari tupu hujulikana upesi.

Maandalizi

Haya yote hayawezekani kwa mwalimu asiyejiandaa. Andalio la ziara lisiwe tofauti na andalio la somo: liwe na malengo, maswali, zana, muda na tathmini. Ikiwezekana mwalimu atangulie kwenda. Asipoweza, apige simu na kuulizia ni majengo gani yaliyo wazi kwa wageni, kwa kuwa majengo ya zamani hufungwa kwa matengenezo. Aepuke saa za sala ya Ijumaa katika vichochoro vyenye misikiti. Awagawe watoto katika makundi ya wanane au tisa, kila kundi na mtu mzima wake. Awafundishe mapema kubisha hodi, kusubiri kujibiwa, na kutompiga mtu picha bila idhini, maana ule ni mji wa watu wanaoishi, wanaopika na kuanika nguo.

Na ikiwa shule yako iko mbali na bahari, au mifuko ya wazazi ni mitupu, usikate tamaa. Maswali matatu niliyoyataja hayahitaji boti. Kila kata ina mahali penye jina ambalo watoto hawajui asili yake. Kila nyumba ya zamani imejengwa kwa kipimo cha kitu fulani, kiwe mti, tofali au bati. Kila kijiji kina mahali ambapo watu waliteseka au waliagana. Ukienda kwenye mazoezi ya kufundisha muhula ujao, chagua siku moja, uwatoe watoto darasani hadi sokoni au mtoni, na uwaulize kwanza: kwa nini panaitwa hivi? Kisha leta majibu yao hapa chuoni, tuyasome pamoja.